Kadi ya Neno Heft

London, 14 Januari 2001

Dada Winnie,

Umeamkaje huko kwenye theluji? Mimi mzima, isipokuwa kikohozi changu cha kila mwaka. Margot anamsalimu sana wifi yake, anasema ile jemu ya matunda ya damsoni uliyotutumia iliisha kabla ya Krismasi. Huku ni mvua tu na watu wanatembea wameinama.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe huulizana hali ya hewa, kisha tunanyamaza mpaka mmoja aage. Barua angalau hainyamazi.

Sasa nikueleze shida yangu. Unajua tunaandika upya kamusi kubwa, na kila mmoja wetu ofisini hupewa rundo lake la maneno. Wiki hii nimefungua rundo langu la herufi H, nikakuta heft. Nilicheka peke yangu, mwenzangu wa meza ya pili akadhani nimechanganyikiwa. Neno la nyumbani kabisa, limekuja kunitafuta mpaka ghorofa ya nne!

Utaratibu wetu ni huu: kila maana lazima iwe na kadi. Kwenye kadi unaandika sentensi kama ilivyosemwa, jina la aliyesema, mahali na tarehe. Kadi isiyo na mtu haihesabiki. Mifano tuliyo nayo yote ni ya watu waliokwisha kufa, na mimi nataka mtu aliye hai. Nitampata wapi, kama si wewe uliyebaki shambani kwetu Thornscale na kondoo mia mbili tangu baba afariki?

Mdogo wako,
Edwin

---

Thornscale, Cumbria, 6 Februari 2001

Edwin,

Barua yako imekaa wiki tatu mezani ikiegemea chupa ya maziwa. Sikukasirika. Nilikuwa naitazama tu, maana umezaliwa chumba cha juu cha nyumba hii, leo unaniuliza mimi maana ya heft. Haya bwana msomi, kaa kitako nikufundishe.

Mlima wetu hauna ua wala waya. Kondoo wetu wanakaa Grey Knott, wa jirani Tom Relph wanakaa ng'ambo ya kijito, na kati yao hakuna kitu ila maji ambayo hata kuku anaruka. Hawachanganyiki. Kile kipande chao ndicho heft yao. Mama humwonyesha mwanawe angali ananyonya: majani mazuri yako hapa, upepo wa mashariki ukivuma jifiche kule, pale usivuke. Naye akizaa anamwonyesha wake. Ndiyo maana shamba likipata mwenyewe mpya kondoo huachwa na mlima wao, wanaohama ni watu. Wazee wa bonde hili walitamka heaf, lakini siku hizi hata mimi nasema kama redio.

Mfano wa kutia kwenye kadi sina. Ninaoongea nao ni mbwa tu, na Moss hasemi sentensi kamili.

Wale kondoo majike wachanga arobaini na wawili wako malisho ya baridi kule tambarare karibu na bahari, kama kila mwaka. Watarudi Aprili. Wao ndio urithi wote wa mlima, maana wale wakubwa wanazeeka kama mimi.

Koti la baba liko msumarini bado. Usiniulize kwa nini.

Winnie

---

London, 21 Februari 2001

Dada yangu,

Asante kwa somo, na kwa kejeli zake. Margot anakusalimu.

Nimefuatilia asili ya neno letu. Wataalamu wengi wanaelekea kwa Wanorse, wale watu wa kaskazini waliovuka bahari zaidi ya miaka elfu iliyopita wakaja kufuga katika mabonde yetu. Walikuwa na neno la kisheria kwa haki anayoipata mtu juu ya kitu kwa kukikalia muda mrefu. Hakukinunua, hakupewa, hana hati. Amekaa tu, na kukaa kwake kumekuwa ushahidi. Nilisoma hilo mara tatu, nikaenda kusimama dirishani.

Nimeandika maana hivi: "Heft: (kuhusu kondoo) kuzoeshwa kukaa katika malisho fulani ya mlimani yasiyo na ua." Niambie kama inafaa.

Tena, mmewahi kulitumia kwa mtu? Nina hisia nililisikia hivyo utotoni, ila simkumbuki aliyelisema. Kama lilitumika kwa binadamu hiyo ni maana nyingine kabisa, na kamusi ya zamani haina.

Leo redioni wametangaza ugonjwa wa miguu na midomo, lakini ni huku kusini, mbali na kwenu.

Edwin

---

Thornscale, 19 Machi 2001

Edwin,

Huo ugonjwa wa mbali umefika. Uko mashamba manne kutoka hapa. Nimetandaza nyasi kavu langoni nikazimwagia dawa, na lango nimelifunga kwa mnyororo. Mtu wa posta anaacha barua kwenye debe la maziwa barabarani, na mimi naacha zangu humo humo. Anapiga honi mara mbili ili nijue kuna kitu. Kuna siku nimemsikia akipiga honi na debe lilikuwa tupu. Nadhani alikuwa ananisalimu.

Leo ni siku ya tisa sijaona uso wa mtu. Jioni moshi unaonekana upande wa kaskazini, na usidhani ni watu wanaochoma magugu; ni mizoga ya mifugo iliyouawa. Simu siipokei. Ikilia ni wizara ya kilimo, au ni jirani anayelia.

Futa hilo neno "kuzoeshwa". Nani amewazoesha? Mimi? Baba alipanda Grey Knott na ubao na chaki? Wakiuawa wale mama, hakuna serikali wala chuo kitakachowafundisha kondoo wengine mlima ule. Utabaki na nyasi zako na kondoo wako, na kila siku watapotea. Andika hivyo kwenye kamusi yako.

Kuhusu watu: hapana. Sijawahi kusikia.

Salamu za Margot nimeziona. Lakini tangu Januari anwani kwenye bahasha ni mwandiko wako, na zamani alikuwa anaandika yeye. Mwambie nimezipokea.

Winnie

---

London, 24 Machi 2001

Dada,

Nakuja. Nimeomba likizo ya mwezi mzima na mkuu wangu amekubali. Nitapanda treni Jumamosi ijayo, nitatembea kutoka kituoni. Nimepiga simu mara kumi na moja, nimehesabu. Tafadhali pokea hata mara moja.

"Kuzoeshwa" nimelifuta.

Edwin

---

Thornscale, 5 Aprili 2001

Edwin,

Heri hukupanda ile treni, na simu nilipokea mara moja kukuambia tu usije, kwa hiyo sasa nikueleze vizuri.

Majike wachanga wameuawa Jumanne. Wote arobaini na wawili. Hawakuwa wagonjwa, ila shamba lililopakana na walipokuwa lilipata ugonjwa. Kuja nyumbani hawakuruhusiwa kwa sababu barabara zimefungwa, na kubaki pale hawakuruhusiwa kwa sababu ya jirani. Daktari wa mifugo alinipigia, sauti ya kijana, akasema walikuwa watulivu. Nikamwambia asante. Tangu hapo najiuliza nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Mke wa mwenye shamba ameniandikia. Anasema tangu mwisho wa Machi walikuwa wamejikusanya kona moja, ile inayoelekea milimani, na hata walipowekewa chakula kizuri hawakutoka pale. Walijua mwezi wa kurudi nyumbani umefika. Edwin, nimelia kama sikulia kwa baba.

Sasa usinifanyie huruma za treni. Ukija utaniletea ugonjwa kwenye viatu vyako. Miaka thelathini na sita tangu uondoke lango lilikuwa wazi ukaja mara tano, na siku ya mazishi ya baba ukatazama saa kabla chai haijapoa. Leo limefungwa kwa mnyororo ndipo unataka kuingia. Mkataa kwao ni mtumwa, walisema waliotutangulia, na wewe ulikwenda kuyatumikia maneno ya watu. Yatumikie basi.

W.

---

London, 2 Mei 2001

Dada Winnie,

Hujambo? Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Kila jioni nilianza jibu, kila asubuhi nilikuta nimejitetea, nikachana.

Sijitetei. Siku ya mazishi sikuwa na haraka ya treni. Lile koti lilikuwa msumarini na mimi sikuweza kukaa nalo chumba kimoja.

Na Margot aliondoka Septemba. Hayupo. Zile salamu nilikuwa nazitunga mimi, kwa sababu barua kutoka kwa mtu mmoja ilionekana nyembamba mno. Nakaa chumba kimoja juu ya duka la miwani. Jumapili naweza kumaliza siku nzima bila kutumia sauti yangu, mimi ninayelipwa kwa maneno. Wewe ulihesabu siku tisa. Mimi sikuwa najua kama zinahesabiwa.

Pole kwa wale arobaini na wawili. Wakubwa wako salama?

Edwin

---

Thornscale, 17 Juni 2001

Mdogo wangu,

Pole kwa Margot. Alikuwa anakunja shuka vizuri. Kumbe salamu zile zilikuwa zako. Basi nilikuwa nasalimiwa na ndugu yangu mara mbili.

Wakubwa wako salama. Walipimwa damu, wakapita. Ila Tom Relph hana hata mkia mmoja. Wizara ilimaliza kundi lake lote kwa siku mbili, na yeye akakaa jikoni ameziba masikio. Amehamia kwa binti yake mjini.

Kuna jambo ambalo hata mimi nimejifunza uzeeni. Nilidhani kondoo wangu walikuwa hawavuki kijito kwa sababu tu wanajua kwao. Kumbe walikuwa wanajua pia kwamba ng'ambo kuna wenyewe. Sasa ng'ambo ni tupu, hakuna wa kuwatolea macho, na wangu wanavuka. Wakizaa kule, wana wao watajua kule, na Grey Knott itasahauliwa. Inatakiwa mtu awarudishe kila asubuhi, kiangazi hiki na kijacho, mpaka wakome. Ni kupanda na kushuka tu.

Leo nimewahesabu kwa darubini nikiwa dirishani. Thelathini na wawili wako upande wa Relph.

Nimepika mkate wa tangawizi kwa mazoea, sufuria nzima ya watu wanne. Moss anakusalimu, na huyu yupo kweli.

Winnie

---

London, 1 Julai 2001

Dada,

Tangu lini mtu wa Thornscale akahesabu kondoo kwa darubini? Baba angekuita mtalii. Nimeisoma barua yako mara nne nikaona: hujapanda. Umewaona thelathini na wawili wamevuka, hukuandika kwamba uliwarudisha.

Ni lile goti, sivyo? Uliliumiza kwenye barafu mwaka juzi ukasema si kitu.

Sitakuja na viatu vyangu bila kuitwa. Mara ya kwanza nilijialika, na ulinijibu kwa haki. Lakini ukisema neno moja tu, nakuja. Andika "njoo". Kwenye kadi, kwenye bahasha, popote.

Edwin

---

Thornscale, 9 Septemba 2001

Edwin,

Usihesabu miezi, nilikuwa na nyasi za kukata. Kijana wa wizara amekuja mara mbili kunyunyiza dawa, mpole sana, lakini anaogopa kondoo. Moss amempenda.

Nilikudanganya, na uongo umenikaa kooni kuliko vumbi la nyasi. Uliuliza kama neno lile limewahi kusemwa juu ya mtu. Nikakujibu hapana. Limesemwa, na nilikuwepo.

Ilikuwa Aprili 1983, siku ya kuwapokea wachanga kutoka malisho ya baridi. Wameshuka kwenye lori, wamepita wote langoni, mimi nimewahesabu na hesabu imetimia. Baba kashika lango, halifungi, macho yako barabarani. Kila mwaka alikuwa anafanya vile. Nikamwambia, "Baba, funga basi, wameisha!" Akasema, "We subiri kidogo. Edwin ana heft hapa. Yule yuko malisho ya baridi tu."

Nikamjibu, "Malisho gani ya baridi ya miaka kumi na minane?" Akanitazama kama nimetukana, akafunga lango.

Sikukuambia kwa sababu nilikuonea wivu. Ndiyo, wivu, kwa umri huu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, tope mpaka magotini, na hakuwahi kusema hivyo juu yangu. Aliyepo hasemwi. Nilipomzika nikasema neno hili nalo litakwenda naye, na wewe hutalipata.

Haya, nimekupa. Jaza kadi yako: Joseph Birkett, mfugaji, Thornscale.

Winnie

---

London, 12 Oktoba 2001

Dada yangu mpendwa,

Sikuweza kufanya kazi siku niliyoipata barua ile. Niliiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti nikazunguka barabarani mpaka taa zikawaka. Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa amenifungia nje.

Na hupaswi kuona wivu, Winnie. Wale Wanorse wangekuambia. Haki ile ni ya mtu aliyekaa, na wewe ndiye uliyekaa. Baba hakukusema kwa sababu hakuna anayesimama langoni kumngoja mtu aliye jikoni. Lakini kweli, alipaswa kukusema.

Niliijaza kadi, nikaipeleka kwa mhariri mkuu. Ameisoma mara mbili. Kisha akasema ni mfano mzuri sana lakini hautoshi. Neno likisemwa na mtu mmoja juu ya mtu mmoja, siku moja, hatuwezi kusema ni maana. Huenda ni baba tu aliyemkumbuka mwanawe. Anataka shahidi wa pili, aliye hai. Akaniuliza kama ninaye. Nikamwambia sijui.

Kadi nimeihifadhi kwenye droo. Nimeambatanisha nyingine tupu humu, kwa mazoea tu, kama wewe na mkate wako wa tangawizi. Usijisumbue nayo.

Natumai goti linapumzika. Kondoo wako upande gani wa kijito?

Edwin

---

Thornscale, 8 Novemba 2001

NENO: heft

MAANA: (kuhusu mtu) ana kwao, hata akiwa hayupo.

MFANO: "Ndugu yangu ana heft hapa. Kondoo wako upande wa Relph wote na goti langu halipandi tena. Wizara imeniruhusu kutoa mnyororo Jumatatu, na lango sijalifunga."

ALIYESEMA: Winifred Birkett, mfugaji, yu hai.

MAHALI: Langoni.

TAREHE: Leo. Koti la baba nimelipunguza mikono, litakutosha.